Mbwa aina ya whippet anafaa kwa nyumba yenye watoto hapa Unguja?

Fuoni_Kibondeni
Assalaamu alaykum. Jirani yetu mgeni anarudi kwao na anatafuta wa kumwachia whippet wake, jike, miaka miwili, kilo 12. Watoto wangu, wa miaka 4 na 9, wameshampenda. Ua wangu una ukuta wa matofali unaofika kifuani, na kuku wa mtaani wanaingia na kutoka kutwa. Mie nataka mbwa wa kulinda usiku, watoto wanataka wa kucheza naye. Atalala bandani, maana ndani tunasali. Mnaonaje?

Mifugo_Unguja
Wa alaykum salaam. Kwa maelezo hayo sikushauri, na tatizo si watoto. Tatizo ni banda.

Whippet alitokea kaskazini ya Uingereza katika karne ya 19, mbwa wa wafanyakazi wa migodi na viwanda, wa kukamatia sungura na kushindanishwa mbio. Ngozi yake nyembamba, manyoya mafupi, na chini ya ngozi hamna mafuta ya maana. Mlaze kwenye saruji tupu, viwiko vitaota sugu, na sugu zikipasuka zinageuka vidonda visivyopona upesi. Anataka godoro la sponji la inchi 3 au 4, lenye foronya ya kuvuliwa na kufuliwa. Bandani tena kuna mbu, na mbu ndio wanaoeneza minyoo ya moyo, kwa hiyo dawa ya kinga iwe kila mwezi bila kuruka. Na ukimtenga peke yake usiku atalia, mtaa mzima utakesha naye.

Ulinzi usimtegemee. Habweki sana, na mwizi akiingia huenda akanuswa tu.

Kwa watoto ni mpole kweli. Huyo wa miaka 4 afundishwe jambo moja: mbwa akilala haguswi, anaitwa jina kwanza. Akishtuliwa usingizini anaweza kuuma kabla hajajua ni nani. Miguu yake pia ni myembamba, mtoto akimwangukia inavunjika.

Akija kufungwa kizazi, mwambie daktari mapema kuwa ni whippet. Dawa za usingizi za jamii ya thiopentoni hukawia kutoka mwilini mwa mbwa hawa. Ziko nyingine, kama propofoli.

Bi_Mtoni
Kabla ya godoro, kaka, fikiria tohara. Sisi tulio wengi hapa ni Shafi, na mate ya mbwa ni najisi nzito: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mkavu akigusana na mkavu haihami, lakini whippet hupenda kukulalia miguuni na kulamba mikono, na mtoto wa miaka 4 hatakumbuka kujitenga kabla ya swala. Mbwa anayejulikana kuruhusiwa ni wa ulinzi, mifugo, shamba au uwindaji. Wewe umesema ulinzi, na huyu ulinzi hana. Muulize sheikh wako kwa uwazi huo huo.

Kama una chumba cha uani chenye mlango wake, hapo pana njia: yuko karibu na sauti za watu, na nyumba ya kusalia iko mbali naye.

Msasi_wa_Kusini
Mmesahau kuku! Whippet huwinda kwa macho. Kitu kikikimbia mbele yake, masikio yanaziba; unaweza kuita mpaka sauti ikukauke. Mbio zake hukaribia kilomita 55 kwa saa, kuku wa kienyeji hana pa kukimbilia. Paka vilevile. Nje ya ua ni kamba daima, kwa sababu bodaboda haiwezi kumkwepa.

Mkanda wa shingo usiwe wa kawaida: kichwa chake ni chembamba kuliko shingo, akirudi nyuma anachomoka. Tumia mpana wa sentimita 4 hivi, ule unaojikaza kidogo akivuta, ukae juu karibu na masikio, vidole viwili vipite chini yake.

Mbio zenyewe si nyingi. Matembezi mawili ya nusu saa, kabla ya saa moja asubuhi na baada ya Magharibi, na akipata pwani iliyozungushiwa uzio mwachie dakika tano tu. Weka kiganja juu ya mchanga: kama huwezi kuhesabu mpaka saba, usimpitishe hapo. Maji yakitoka epuka kwenye matumbawe, yanachana ngozi ile kama wembe. Maji ya bahari asinywe, atahara.

Kupe: kila jioni pekua masikioni, makwapani, na baina ya vidole. Usimwogeshe dawa ya ng'ombe kwa kipimo cha ng'ombe. Ukiona ufizi umepauka au damu inatoka puani, mpeleke siku hiyo hiyo, inaweza kuwa homa ya kupe.

Fuoni_Kibondeni
Shukran. Chumba cha uani kipo, ni stoo. Nikikisafisha na kuupandisha ukuta kozi mbili za tofali, je? Ulinzi nitatafuta mbwa wa kienyeji baadaye.

Mifugo_Unguja
Kozi mbili zitakufikisha karibu mita 1.7, inatosha. Tazama na chini ya geti: pengo la shibiri moja anapita. Chumba kiwe na dirisha la wavu wa mbu. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kidai kwa jirani kabla hajaondoka, kisha uendelee kila mwaka.

Na usimchukue moja kwa moja. Mwombe wiki mbili za majaribio, jirani akiwa bado yupo. Siku ya kwanza mfunge kamba ya mita 5 uani, kuku wakiwemo, umtazame. Akiwaangalia kisha akakugeukia ukimwita, anafundishika. Akiganda, shingo imenyooka mbele, mguu mmoja juu, hata ukimtikisia bakuli la dagaa hageuki, basi mrejeshe.

Msasi_wa_Kusini
Dagaa hao uwaroweke kwanza, chumvi itoke.