Ma'abarot za Israeli: ni sawa na kambi ya wahamiaji?

Mwl_Historia: Wakuu, naandaa somo la Israeli ya miaka ya 1950. Kuna "kambi ya wahamiaji" (Wayahudi waliohamia kutoka nje) na kuna "ma'abara" (wingi: ma'abarot). Ni kitu kimoja? Na mbona kila picha ni matope tu?

Kumbukumbu50: Hapana mwalimu. Angalia chakula kinatoka wapi. Kambini, mfano Sha'ar HaAliya karibu na Haifa (1949, iliyokuwa kambi ya jeshi la Waingereza), mgeni alinyunyiziwa DDT (dawa ya kuua wadudu), akapimwa afya, akaandikishwa, kisha akapanga foleni ya chakula cha jiko la pamoja. Gharama zikapanda, watu hawana kazi. Mwaka 1950 Levi Eshkol wa Wakala wa Kiyahudi (shirika lililoshughulikia wahamiaji) akapendekeza wahamiaji wasogezwe karibu na ajira na kila familia ijipikie. Hiyo ndiyo ma'abara. Ya kwanza ilikuwa Kesalon, Mei 1950.

Fundi Turubai: Mimi najibu la matope. Walianza na mahema, yakafuata mabanda ya turubai juu ya fremu ya mbao, ya mabati, na ya mbao tupu. Bati ni tanuri wakati wa kiangazi na barafu usiku wa Januari. Hema nalo lina masharti yake: kamba ya katani ikilowa hujikaza, usipoilegeza mapema inang'oa kigingi, maana udongo wa mfinyanzi ukishalowa haushiki kitu. Turubai lililolowa ukiligusa kwa ndani, linavuja papo hapo. Bila mtaro kuzunguka hema, maji yanaingia chini ya vitanda. Majira ya baridi ya 1950–51 yalikuwa mabaya hadi jeshi likaitwa kusaidia. Bomba na vyoo vilikuwa vya pamoja, na njia ya kwendea huko ndiyo hayo matope unayoyaona.

Kumbukumbu50: Ongeza kwamba kujipikia kulikuwa kwa jiko la mafuta ya taa, na vyakula vya mgao, maana nchi nzima ilikuwa kwenye mgao tangu 1949. Ajira nyingi zilikuwa vibarua vya dharura: kupanda miti, kuondoa mawe, barabara.

Mwl_Historia: Wangapi, na waliishia wapi?

Kumbukumbu50: Mwisho wa 1951 waliokaa kwenye ma'abarot walizidi 220,000, kundi kubwa likiwa Wayahudi wa Iraki. Waliotoka Ulaya kwa jumla walitoka kwenye ma'abarot mapema zaidi. Baadhi ya ma'abarot ziligeuka miji, kama Kiryat Shmona na Sderot.