Wasovieti walifutaje mtu kwenye historia na nchi nzima inamjua?

Kijana_Mbagala: Wakuu, nimeona ile picha ya Stalin kando ya mfereji wa Moscow, moja yuko na Nikolai Yezhov, bosi wa polisi wa siri, nyingine Yezhov hayupo, pale aliposimama kuna maji tu 😂 Sasa huyu mtu alikuwa anaogopwa nchi nzima, unamfutaje wakati watu wanamkumbuka?

Bi_Nuru: Vichwani hawakumfuta kaka, walifuta vile vitu ambavyo watu wangeweza kuonyeshana. Cheki kisa cha Beria, naye aliwahi kuwa bosi wa polisi wa siri wa Stalin. 1953 kakamatwa, kauawa, ila Ensaiklopidia Kuu ya Kisovieti ilishatoka na makala yake ndefu na picha juu, basi wenye vitabu wakatumiwa kurasa mpya, humo kuna habari za Bahari ya Bering, na maelekezo kabisa kwamba chukua mkasi au wembe kata zile za zamani ubandike hizi. Yaani hawaji kukuchania kitabu, unakata mwenyewe sebuleni kwako, na mtoto anakuangalia. Kesho akikuuliza Beria ni nani utamjibu nini?

MzeeKahawa: Umemaliza. Mimi naongezea Katyn, msitu huko Urusi. 1940 polisi wa Stalin waliua Wapolandi kama 22,000 hivi, maofisa wengi, halafu wakawasingizia Wajerumani. Sasa Wajerumani walifika kule 1941, kwa hiyo ukiandika 1940 kwenye msalaba tayari umeshamtaja muuaji. Warsaw 1981 watu wakausimamisha msalaba wenye mwaka huo makaburi ya Powązki, usiku uleule ukang'olewa. 1985 serikali ya kikomunisti ya Poland ikaweka wa kwake, eti wahanga wa ufashisti wa Hitler. Moscow imekuja kukiri 1990, chini ya kiongozi wao Gorbachev.

Nyundo77: Mnawaonea tu wakomunisti, Waingereza si walichoma mafaili ya makoloni kabla hawajaondoka na mengine wakayaficha kwao Uingereza, kwenye jengo la serikali la Hanslope Park??

Bi_Nuru: Walificha ndio na ni aibu yao, sibishi. Ila hayo ya Hanslope yametoka 2011 kwa sababu wazee wa Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza hapohapo London. Mjane wa Katyn mwaka 1981 angempeleka nani mahakamani, na hakimu yupi angeipokea hiyo kesi?