"Hawajavunja sheria": jibu hili kuhusu kodi za kampuni kubwa limenichosha

Wakuu, nimevumilia sana, leo naongea. Mshahara wangu unakatwa kodi kabla haujanifikia mkononi. Hakuna aliyewahi kuniuliza ningependa kipato changu kihesabiwe katika nchi ipi. Na kila nikigusia matajiri wanaolipa kiduchu, lazima atokee mtu wa kunijibu: "Lakini hawajavunja sheria."

Nimefanya uhasibu kwenye tawi la kampuni moja ya kimataifa, jina naliacha. Biashara ilikuwa nzuri, wateja wanalipa, oda zinaongezeka. Ila kila tukikaribia kufunga hesabu za mwaka ilikuwa inaingia ankara ya ukurasa mmoja kutoka kampuni ndugu (ya mmiliki yuleyule) iliyosajiliwa kisiwani kwenye kodi kiduchu: "huduma za usimamizi na matumizi ya nembo". Basi, mstari mmoja. Nani kasimamia nini, kwa siku ngapi, hakuna. Miaka yote niliyokaa pale sikumwona mtu hata mmoja wa kampuni hiyo akikanyaga ofisini. Lakini kiasi kilichoandikwa kilikuwa kinakaribia kabisa faida yetu ya mwaka mzima. Mimi ndiye niliyekuwa naingiza tarakimu zile vitabuni, kwa mikono yangu, na tawi linatoka limepata hasara, yaani halina faida ya kutozwa kodi hapa. Mkaguzi anasaini. Halali. Mwezi huohuo mlinzi wa getini kakatwa kodi yake yote, haikubaki hata senti.

Msidhani ni kampuni moja tu. Mwaka 2016 Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ilisema kwamba kwa mipango ya Apple kule Ireland, kodi iliyolipwa kwenye faida ya Ulaya mwaka 2014 ilishuka hadi asilimia 0.005. Piga hesabu: euro 50 kwa kila euro milioni moja! Kilichoniuma zaidi ni kwamba serikali ya Ireland yenyewe ilikwenda mahakamani kupinga kulipwa euro bilioni 13 ambazo Tume iliagiza idai kwa Apple, na kesi ikavutwa hadi Septemba 2024 ndipo Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema zilipwe. Facebook Uingereza ililipa pauni 4,327 kama kodi ya kampuni kwa mwaka 2014. Kuna wafanyakazi wa kawaida kabisa waliokatwa zaidi ya hapo.

Sasa hiyo "halali" imetoka wapi? Haikudondoka kutoka mbinguni, imeombwa na imetolewa. Ireland ilipoamua kuziba ule mwanya wa kampuni mbili (kundi linasajili kampuni mbili Ireland, na faida inahamishiwa ile inayohesabiwa kuwa mkazi wa nchi isiyotoza kodi), ilizuia wapya kuanzia 2015, lakini waliokuwa wameshaingia wakaachiwa mpaka mwisho wa 2020. Miaka sita ya kujipanga! Nani kati yetu amewahi kupewa hata miezi sita kodi ya mshahara ilipopanda?

Na wanaofichua ndio wanaobebeshwa mzigo. Siri za Luxembourg zilipovuja mwaka 2014, ikajulikana kampuni kubwa zilikuwa zinapewa makubaliano ya kodi kimyakimya, waliopandishwa kizimbani walikuwa Antoine Deltour na Raphaël Halet, wafanyakazi waliotoa nyaraka, pamoja na mwandishi wa habari. Halet alisubiri hadi 2023 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iseme haki yake ilivunjwa. Mimi niliyewahi kuishika ile ankara naelewa vizuri kwa nini wenzangu wananyamaza.

Mtaniambia kuna juhudi. Ndiyo, zipo. Mwaka 2021 zaidi ya nchi 130 zilikubaliana kiwango cha chini cha asilimia 15 kwa makundi ya kampuni yenye mapato ya kuanzia euro milioni 750 kwa mwaka. Nilifurahi kwa moyo wote. Kisha Juni 2025 mataifa ya G7, kundi la nchi saba tajiri, yakakubaliana makampuni ya Marekani yasiguswe na masharti makuu ya kiwango hicho, na kabla ya hapo, mwezi Februari, Marekani ilishajitoa kwenye mazungumzo ya mkataba wa kodi wa Umoja wa Mataifa. Hao hao wenye makampuni makubwa kuliko wote.

Kuna jambo moja wengi hawalijui. Makundi hayo makubwa tayari yanaandaa taarifa inayoonyesha nchi kwa nchi: mapato, faida, kodi iliyolipwa na idadi ya wafanyakazi. Ukiisoma, kisiwa chenye faida nono na wafanyakazi sifuri kinajianika chenyewe. Kazi imeshafanyika, tarakimu zipo. Lakini taarifa hiyo inakwenda kwa mamlaka za kodi tu. Ulaya na Australia ndio kwanza wameanza kulazimisha sehemu yake iwekwe hadharani. Kwingine kwingi mwananchi haruhusiwi kuiona.

Mimi mshahara wangu serikali inaujua mpaka senti ya mwisho. Kwa hiyo anayetetea "hawajavunja sheria" aje hapa anieleze: kama yote ni halali, taarifa ile inafichwa kwa sababu gani? Nasubiri majibu.