Uyoga wa sindano ndefu kwenye mwaloni uliotiwa alama ya kukatwa

Mpitanjia
Habarini wakuu. Jana asubuhi nimekutana na kitu ambacho miaka yote ninayozunguka misituni sijawahi kukiona. Kwenye mwaloni mzee, usawa wa kichwa changu, pale tawi kubwa lilipovunjika zamani likaacha shimo, pameota donge jeupe la ukubwa wa ngumi mbili. Halina kofia wala shina. Ni sindano tupu, zimening'inia kama ndevu za babu. Nilisogeza rula bila kuligusa: zilizo ndefu zinafika sentimita 4, na za juu zimeanza kuwa manjano.

Nahisi ni Hericium, kundi la uyoga wenye sindano, ila aina ipi? Na kinachoninyima usingizi: mti wenyewe umepigwa msalaba wa rangi nyekundu. Utakatwa, kwa kuwa uko kando ya njia. Nimewaza hata kuuchuna uyoga niuhamishie kwenye gogo jingine.

Kuvu_na_Magome
Usiuchune, tafadhali. Hilo ni tunda tu. Kuvu yenyewe ni nyuzi zilizotambaa ndani ya moyo wa mti. Ukilibandika kwenye gogo litaoza hapo, basi.

Jina: donge moja lisilo na matawi, sindano ndefu, jeraha la mwaloni ulio hai, hiyo ni Hericium erinaceus. Ndugu yake H. (yaani Hericium) coralloides hujigawa matawi kama matumbawe. H. cirrhatum hujipanga vibao vibao, na sindano zake ni fupi. Hydnum repandum, uyoga mwingine wa sindano, usiifikirie kabisa, ile huota ardhini na ina kofia.

Bi_Mwaloni
Hongera kwa kuuona, ndugu yangu. Uingereza uyoga huu unalindwa kwa sheria ya wanyamapori ya 1981, kuuchuna ni kosa. Kwako sheria inaweza kuwa tofauti, lakini hitaji lake ni lilelile: miti mizee yenye majeraha na mbao zinazooza, ile ambayo wengi huiona uchafu. Anayetaka kuula, unalimwa kwa wingi, hana sababu ya kuugusa wa msituni.

Muone msimamizi wa msitu kabla ya msumeno. Mwombe wapunguze matawi yanayoelemea njia, shina libaki limesimama. Wakikataa, basi shina lilazwe zima kivulini palepale, lisipasuliwe kuni. Andika tarehe, aina ya mti na urefu kutoka ardhini. Mahali hasa usipataje hapa, wachumaji wanasoma.

Mpitanjia
Asanteni sana. Nimefuta picha iliyoonyesha njia. Leo nimezungumza na msimamizi, nikampeleka hadi kwenye mti. Alisimama pale kimya kitambo, akainama kutazama sindano kwa chini. Amekubali matawi yapunguzwe, shina libaki. Msalaba bado upo, amesema watapaka rangi nyingine Jumatatu. Nitakuwepo.