Ripoti ya kasoro imekaa miezi minane bila jibu: je, inafaa kumpita mtunzaji wa kifurushi?

Mpanga_Majina ameuliza:

Wenzangu, habari za kazi. Natumia Debian 13, mfumo endeshi huria ambao programu zake huja kama vifurushi, kila kimoja na mtunzaji wake, na kwa muda sasa nimesumbuliwa na programu ndogo ya kubadilisha majina ya mafaili kwa wingi, ambayo huanguka ghafla kila inapokutana na jina refu lililoandikwa kwa hati isiyo ya Kilatini. Mafaili yangu mengi yana majina ya Kiarabu, kwa hiyo hali hii hunipata mara kwa mara. Ikianguka katikati ya kazi, nusu ya mafaili huwa yamekwisha kupewa majina mapya na nusu yamebaki na ya zamani, na kuyapatanisha tena kunachosha kuliko kuyabadilisha kwa mkono tangu mwanzo.

Nilipotafuta katika mfumo wa Debian wa kufuatilia kasoro, nilikuta kwamba mtu mwingine aliliripoti tatizo hili miezi minane iliyopita. Aliliandika chini ya jina la maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja) ambayo programu hii huitumia kusoma herufi, kwa kuwa ujumbe wa kosa uliotokea kwenye skrini uliitaja maktaba hiyo. Hakuna aliyemjibu. Wiki tatu zilizopita nilipakua msimbo chanzo, nikaona kwamba programu hutenga nafasi ya kumbukumbu kwa kuhesabu herufi za jina, nikaizidisha nafasi hiyo mara mbili, na tangu hapo haijaanguka tena kwangu. Nilikiambatisha kiraka hicho, yaani badiliko hilo la msimbo, kwenye ripoti ileile, lakini kimya kimeendelea.

Naomba kujua mambo matatu. Je, kuna njia halali ya kumpita mtunzaji asiyejibu? Je, nikipandisha uzito wa kasoro hii hadi daraja la grave, itashughulikiwa mapema? Na je, toleo thabiti litapata marekebisho haya, au itanibidi nisubiri toleo kuu lijalo?

---

Mshona_Viraka amejibu:

Ndugu Mpanga_Majina, nimetunza vifurushi vichache kwa miaka kadhaa, na naomba nianze na kiraka chenyewe kabla ya kumgusa mtunzaji, kwa sababu naona kina tatizo ambalo lingemfanya mtunzaji makini akikatae hata kama angekisoma siku ileile.

Katika usimbaji wa UTF-8, yaani njia ya kawaida ya kuhifadhi maandishi kwenye kompyuta, herufi moja huchukua baiti moja hadi nne. Herufi za Kiarabu huchukua mbili, ndiyo maana kuzidisha mara mbili kumekutosha wewe. Mtu mwenye mafaili yenye majina ya Kichina au ya hati ya Devanagari anahitaji baiti tatu kwa kila herufi, na alama nyingi za emoji huchukua nne. Kwa hiyo kasoro haijaondoka. Umeihamishia kwa jirani, na safari hii itakuwa ngumu zaidi kuonekana kwa sababu itatokea kwa nadra. Marekebisho yanayostahili ni mafupi kuliko yako: acha kuhesabu herufi, hesabu baiti kwa strlen (amri ya lugha ya C inayopima urefu wa mfuatano wa maandishi kwa baiti), kisha ongeza baiti moja ya kufunga mfuatano. Yote yanaenea katika mstari mmoja, na mtu yeyote atakayeusoma ataelewa kwa nini upo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu Debian ina kovu lake. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, aliondoa mistari michache ambayo chombo cha Valgrind kilikuwa kikiilalamikia kwamba inasoma kumbukumbu isiyojazwa. Malalamiko yaliisha, na programu iliendelea kufanya kazi kama kawaida. Ila mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza data ya kubahatisha kwenye kizalishaji cha namba nasibu, na baada ya kuondolewa, kitu pekee kilichobaki kutofautisha funguo moja na nyingine kilikuwa namba ya mchakato (namba ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa), ambayo haikuzidi 32,768. Hadi jambo hilo lilipotangazwa Mei 2008, funguo za SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) na vyeti vilivyotengenezwa kwenye Debian na kwenye mifumo iliyotokana nayo vilikuwa vinaweza kukisiwa kwa kujaribu orodha nzima. Haki itendeke: mtunzaji yule aliuliza kwanza kwenye orodha ya barua pepe ya OpenSSL, na hakupingwa. Aliuliza kwa ufupi, akajibiwa kwa ufupi, na hakuna aliyeukagua msimbo kamili uliokuwa unabadilishwa.

Ndiyo maana nakushauri kiraka chako ukipeleke kwanza kwenye mradi mama, yaani kwa waandishi wa programu yenyewe, kikiwa kamili pamoja na maelezo ya jinsi ya kuizalisha kasoro. Wakikikubali, mifumo mingine kama Fedora na Arch yote itakipata bila kazi ya ziada, na mtunzaji wa Debian hatalazimika kukibeba ndani ya debian/patches, folda ya viraka vya Debian yenyewe, kwa kila toleo jipya hadi mwisho wa dunia. Wakikikataa, huenda wakakueleza jambo ambalo wewe na mimi hatulioni.

Kuhusu daraja la grave, usijaribu. Daraja hilo ni la kasoro inayofanya kifurushi kisitumike kabisa au kwa sehemu kubwa, au inayopoteza data, au inayofungua mlango wa kiusalama. Kasoro ya uzito huo ikikaa bila kushughulikiwa, mfumo unaweza kukiondoa kifurushi kutoka tawi la testing, linaloandaliwa kuwa toleo thabiti lijalo, pamoja na vifurushi vinavyokitegemea. Unaweza kuamka ukakuta programu uliyotaka itengenezwe imefukuzwa. Daraja la important, lililo chini yake, linatosha.

---

Zamu_ya_Usiku amejibu:

Nakubaliana na Mshona_Viraka kuhusu baiti, lakini sikubaliani naye kuhusu uzito. Kama programu inaandika nje ya nafasi iliyotengwa, na kinachosababisha hivyo ni jina la faili, basi tujiulize majina hayo hutoka wapi. Mtu anaweza kutumiwa faili lililobanwa, akalifungua, kisha akaendesha programu hii juu ya majina yaliyochaguliwa na mtumaji. Hapo hatuzungumzii tena usumbufu wa kuanguka. Angalau iwekwe alama ya security kwenye ripoti ili timu ya usalama iamue. Wao ndio wenye uzoefu wa kutofautisha hatari ya kweli na hofu. Ripoti imekuwa hadharani kwa miezi minane, kwa hiyo suala la kuificha halipo tena.

Kuhusu kumpita mtunzaji, njia zipo na zina utaratibu wake. Ya kwanza ni msanidi mwingine wa Debian kupakia toleo lenye marekebisho hayo peke yake, bila kugusa kitu kingine, ambapo toleo la 1.2-3 huwa 1.2-3.1. Kwa heshima, kifurushi hicho huwekwa kwanza kwenye foleni ya kuchelewesha, kwa kawaida siku 10 kwa kasoro zisizo nzito, ili mtunzaji apate nafasi ya kupinga. Ya pili ni kukiokoa kifurushi kilichotelekezwa: unatangaza nia yako kwa ripoti maalumu, unasubiri siku 21, na pasipokuwa na pingamizi unakuwa mtunzaji mpya. Hiyo ya pili usiikimbilie kwa sababu ya kasoro moja, maana ukikichukua kifurushi utakuwa pia na ripoti zake nyingine zote, zikiwemo zile ambazo hazikuhusu wala hazikuumizi.

Wewe mwenyewe huwezi kupakia kitu kwa sasa, kwa kuwa haki hiyo ni ya wasanidi na watunzaji waliosajiliwa. Utahitaji mdhamini atakayeikagua kazi yako na kuitia saini kwa ufunguo wake.

---

Karani_wa_Kasoro amejibu:

Samahanini wote, naomba turudi kwenye aya ya pili ya swali, kwa sababu nadhani tumeipita haraka.

Muulizaji amesema ripoti iliandikwa chini ya jina la maktaba. Mfumo wa kasoro wa Debian hupeleka kila ujumbe kwa mtunzaji wa kifurushi kilichotajwa kwenye ripoti, na si kwa mwingine. Maana yake ni kwamba kwa miezi minane ujumbe huu, pamoja na kiraka kilichoongezwa wiki tatu zilizopita, umekuwa ukiwafikia watunzaji wa maktaba, ambao huenda waliutazama, wakaona kwamba kosa haliko kwao, wakauacha. Walipaswa kuuhamisha, hilo siwatetei. Lakini mtunzaji wa programu tunayemjadili hapa, na ambaye tayari tunapanga namna ya kumpita, yaelekea hajawahi kuiona ripoti hii hata mara moja.

Dawa yake ni barua pepe moja kwenye anwani ya control ya mfumo huo, yenye amri ya reassign, namba ya ripoti na jina la kifurushi sahihi. Huhitaji akaunti wala ruhusa. Mfumo mzima huendeshwa kwa barua pepe na mtu yeyote anaweza kurekebisha taarifa za ripoti. Ongeza amri ya found yenye namba ya toleo unalotumia, kwa kuwa taarifa za matoleo hupotea ripoti inapohamishwa. Kisha mwandikie mtunzaji kupitia ripoti yenyewe, aya mbili tu: kasoro ni ipi, na kiraka kipya kiko wapi. Toleo kama Trixie, yaani Debian 13, lina karibu vifurushi 70,000. Ripoti iliyoandikwa mahali pasipo pake haipatikani kwa bahati.

---

Mpanga_Majina amejibu:

Nawashukuru sana, na nakiri kwamba nilikuwa nimekwisha kumhukumu mtu ambaye sikuwa nimempigia hodi.

Nimeihamisha ripoti, nimeandika upya kiraka kwa kuhesabu baiti, na safari hii nimekijaribu kwa majina ya Kichina na ya emoji pamoja na ya Kiarabu. Kiraka changu cha kwanza kilianguka kwa majina ya Kichina kama mlivyosema. Mtunzaji amejibu siku ya nne. Anasema kweli hakuwahi kuipata ripoti, kwamba waandishi wa mradi mama wamekikubali kiraka baada ya kuniomba niongeze jaribio la kiotomatiki, na kwamba atapakia toleo jipya kwenye Sid, tawi ambalo vifurushi vipya huingia kwanza, wiki hii. Timu ya usalama imeona kwamba jambo hili halihitaji tangazo la peke yake. Limebaki swali langu la tatu: sisi tunaotumia toleo thabiti tutalipataje?

---

Mshona_Viraka amejibu:

Nami nimejifunza, aya ile niliisoma mara mbili na sikuliona jambo alilolibaini Karani_wa_Kasoro. Kuhusu alama ya security nakubali pia kwamba Zamu_ya_Usiku alikuwa na hoja nzuri kuliko yangu.

Toleo thabiti halipokei toleo jipya la programu. Hupokea marekebisho peke yake. Kwanza kifurushi kipite Sid na kikae huko siku chache, kwa kawaida tano, kabla ya kuingia testing. Baada ya hapo mtunzaji, au wewe kwa idhini yake, mtachukua toleo lilelile lililomo Debian 13, mtaongeza mstari ule mmoja kama kiraka, mtalipatia namba inayoishia na +deb13u1, na mtawasilisha tofauti iliyotolewa na debdiff, chombo cha kulinganisha matoleo mawili ya kifurushi, kwa timu ya matoleo kupitia ripoti ya kifurushi bandia (jina la kupokelea ripoti tu, si programu) cha release.debian.org. Timu hiyo huusoma kila mstari, kwa hiyo msiingize humo marekebisho ya tahajia wala usafi wa msimbo. Wakikubali, kitaingia kwenye sasisho dogo linalofuata, ambalo kwa kawaida hutoka kila baada ya miezi miwili hivi.

Na kwenye debian/changelog, faili la kumbukumbu za mabadiliko ya kifurushi, mwandike Closes pamoja na namba ya ripoti, ili ifungwe yenyewe kifurushi kitakapopakiwa. Hakikisheni namba ni sahihi. Mimi niliwahi kukosea tarakimu moja nikafunga kasoro ya watu wengine kabisa, na barua nilizopokea asubuhi ile ziliandikwa kwa adabu kubwa sana.