Nimeitwa chuo kusoma sosholojia, nyumbani hawaielewi. Mliosoma nisaidieni

mtoto_wa_langoni
Assalam aleikum jamani, naomba ushauri hasa nyie mlopita chuo. Nilifanya KCSE mwaka jana nikapata B, nikajaza mwenyewe maombi ya KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, na alhamdulillah nimeitwa Nairobi kusoma BA ya sosholojia, yaani elimu ya jamii, miaka minne. Sasa hapa Amu (Lamu) ndo kazi. Baba auliza ukimaliza utaitwa nani, daktari aitwa daktari, mwalimu aitwa mwalimu, wewe je? Ammu yangu naye kasema masomo hayo yatoa watu kwenye dini. Mama yuko kimya lakini najua anaogopa loni ya HELB, ile ya serikali ya kusomea chuo.

Sikuichagua kwa kubahatisha. Tangu bandari ianze kujengwa kule Kililana nasikia watu barazani wakibishana nani kafaidika nani kaumia, kila mtu na lake, na hakuna alokwenda kuuliza nyumba kwa nyumba akajua. Mimi nataka kuwa huyo anaekwenda kuuliza. Je yasomwa nini hasa, hesabu zipo, na kazi ziko wapi?

BintiMalindi
Waaleikum salaam mdogo wangu, hongera kwanza. Nimesoma hiyo kozi na ndo inayonilisha hapa Malindi, nafanya kazi ya utafiti, kwa hivyo nasema nnachokijua. Mwaka wa kwanza utaona warushwa huku na huku, saikolojia kidogo, uchumi kidogo, halafu wale wazee watatu wasokosekana, waasisi wa fani hii, Marx, Weber na Durkheim. Usiwakimbie. Huyo Durkheim mwaka 1897 alichukua jambo ambalo kila mtu aliliona ni la mtu na nafsi yake, kujiua, akaingia kwenye takwimu za serikali za Ulaya akalinganisha, waliooa na wasooa, Wakatoliki na Waprotestanti, akaonyesha kuwa idadi hupanda na kushuka kulingana na watu walivyoshikana. Takwimu zake zimekosolewa sana baadaye na huo ukosoaji pia utafundishwa, lakini ile njia ya kuuliza ndo sosholojia yenyewe.

Utamu wenyewe uko kwenye mbinu za utafiti. Chukua swali jepesi kabisa la dodoso, mkuu wa kaya ni nani? Haya piga hodi nyumba moja ya Mkomani au Shela uulize. Nyumba ni ya nyanya, alipewa na babake alipoolewa. Mume wa bintie yuko baharini. Pesa ya matumizi yatoka kwa mtoto wa kiume alioko Saudia, na mwenye kauli ya mwisho watoto wasome wapi ni shangazi. Fomu ina kisanduku kimoja tu! Ukiandika mume kwa sababu ndo fomu inavyotarajia, ripoti itasema wakuu wa kaya Lamu ni wanaume, na mradi ukija wataitwa wanaume mkutanoni, na mwenye nyumba hana habari mpaka aone mafundi wamesimama ukutani kwake. Mtu alosoma vizuri husimama hapo akasema fomu ibadilishwe, tuulize nani amiliki, nani alipa, nani aamua. Mimi naipenda kazi hii kwa sababu ya vitu kama hivyo wallahi.

Kuhusu kazi, ukingoja tangazo liloandikwa "anatakiwa mwanasosholojia" utazeeka. Ziko kwa majina mengine, afisa utafiti, afisa maendeleo ya jamii, mambo ya watoto, ufuatiliaji na tathmini kwenye NGO, rasilimali watu. Mwambie baba hayo majina, hilo lina jibu. Na nisikufiche, kuanza ni kugumu, wengi huanza na kazi za mkataba mfupi za kukusanya data.

kaka_wa_mjini
Badilisha uende ualimu tu, TSC, tume inayoajiri walimu, ina pensheni. Vijana wenye BA wamejaa vijiweni.

BahariYaAmu
@kaka_wa_mjini ukisema ualimu fafanua, sosholojia si somo la sekondari, BA hii peke yake haimpeleki TSC. Kama moyo wake uko kwenye ualimu aombe kuhamisha kozi sasa hivi, asiingie akitumai atageuza mbele ya safari. Lakini kijana kasema anachotaka, mbona hatumsikii?

Tena hilo la bandari ni kubwa. Mahakama Kuu Malindi mwaka 2018 iliamua wavuvi zaidi ya 4,600 wa Lamu wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Haya, mvuvi ni nani? Mwenye mashua yuwajulikana. Je baharia anaepanda mashua ya mwenziwe, anaetoa kaa mikokoni, mama anaenunua samaki pwani akaenda kukaanga, huyo bahari ikifungwa si kaumia? Hapo yatakikana mtu ajuae kuhesabu watu wasokuwa kwenye daftari lolote, na ajuae kuwasikiliza. Na ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa hapa Lamu, tribunal ya mazingira ilifuta leseni yake Juni 2019, na sababu moja kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kushirikisha wananchi vizuri ni kazi, yasomewa.

mwalimu_wa_madrasa
Ammu yako mjibu kwa adabu. Ibn Khaldun alizaliwa Tunis 1332, alihifadhi Qurani, akawa kadhi wa Kimaliki Misri, na Muqaddima yake ya 1377 ni uchambuzi wa jinsi watu wanavyoshikana, huko kushikana yeye alikuita asabiyya, na jinsi dola zinavyoinuka na kuanguka. Hii fani Waislamu waliishika karne nyingi kabla ya hao wa Ulaya. Utasoma wasoamini pia, soma uelewe hoja zao kisawasawa ndipo ujibu. Swala zako usiache.

mtoto_wa_langoni
Shukran sana nyote, nimemsomea ammu hilo la Ibn Khaldun kanyamaza akasema nimletee hicho kitabu. Ila hesabu nina C, je nitafeli?

BintiMalindi
Hapana, yataka takwimu si zile hesabu za kutisha. Lakini usizifanye za kupita mtihani tu, jifunze SPSS au R, programu za kompyuta za takwimu, mpaka uzoee, manake kwenye intaviu hapo ndo mnatenganishwa, nadharia kila mtu anayo. Likizo ndefu omba atachimenti mapema, ofisi ya takwimu ya kaunti au hospitali.

BahariYaAmu
Na ukifika projekti ya mwaka wa mwisho ukataka wavuvi, usiulize mjini Amu peke yake, vuka uende Kizingitini na Faza. Nenda wakati wa kusi, bahari imechafuka na wengi wako nchi kavu. Ukienda kaskazi utawahoji walobaki nyumbani tu.