Tupeane uzoefu: unaipimaje habari kabla ya kusema "hii ni dalili ya mwisho"?

Bwana asifiwe wapendwa. Vita ikizuka tu, vikundi vya WhatsApp vinajaa Ufunuo. Mnaofundisha unabii, mnaanzia wapi?

Mwalimu wa Biblia: Amina. Anza kwa kusoma mbele ya aya uliyotumiwa. Nzige walipovamia Kenya, Ethiopia na Somalia mwaka 2020, wengi walinukuu Ufunuo 9:3. Aya ya 4 inasema nzige wale waliamriwa wasidhuru majani wala mti wowote, ila watu wasio na muhuri wa Mungu. Wa 2020 walikula mazao na malisho, hawakuwagusa watu.

Kisha tazama mpangilio. Mto Frati ukipungua maji tunakimbilia Ufunuo 16:12, lakini hicho ni kitasa cha sita, yaani bakuli la sita kati ya saba za ghadhabu ya Mungu. Cha kwanza ni majipu, cha pili bahari kuwa damu. Vitano vilivyotangulia vimemiminwa lini? Na uliza maji yamekwenda wapi: Januari 1990 Uturuki iliuzuia mto huo takribani mwezi mzima ili kujaza bwawa la Atatürk.

Shemasi: Nakubali, mwalimu, ila msituzimie taa. Luka 21:28 inatuambia tuinue vichwa mambo hayo yaanzapo kutokea. Taifa la Israeli lililoundwa 1948 ndilo mtini unaochipua wa Mathayo 24:32. Tusipozisoma dalili tutakeshaje?

Mwalimu wa Biblia: Tukeshe, shemasi. Lakini soma Luka 21:29: "mtini, na miti mingine yote." Mtini ukiwa Israeli, hiyo mingine ni mataifa gani? Kwa kuwa Mathayo 24:34 inasema kizazi hiki hakitapita, waliojumlisha 1948 na kizazi cha miaka 40 walipata 1988. Mwaka ulipopita, wengine wakahamia miaka 70 au 80 ya Zaburi 90:10. Kizazi kinarefushwa kila hesabu inapokosa.

Mchungaji msaidizi: Kuhusu tarehe, ichambueni ya William Miller, mhubiri wa Marekani. Alichukua siku 2300 za Danieli 8:14, ambazo baada yake patakatifu patatakaswa, akahesabu kila siku mwaka, kuanzia 457 KK. Ukitoa 457 kwenye 2300 unapata 1843, na kwa kuwa hakuna mwaka sifuri kati ya KK na BK, ni 1844. Wafuasi wakaingoja 22 Oktoba 1844. Hesabu yenyewe ni sahihi. Kosa liko chini yake: alidhani patakatifu pa kutakaswa ni dunia, na kwamba utakaso huo ndio kurudi kwa Bwana. Kwa hiyo anayekuletea tarehe usibishane naye kwenye kujumlisha, muulize kila neno amelipa maana gani na kwa andiko lipi.

Na msikilize anachoamuru baadaye. Uza shamba, toa watoto shule, acha dawa, funga usile: akifika hapo, nenda kwa chifu au polisi siku hiyohiyo. Shakahola, Kilifi, Kenya, ambako waumini waliambiwa wafunge hadi kufa, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwamo.

Shemasi: Hapo kwenye dawa na watoto tuko pamoja kabisa. Kwenye mtini bado nina swali, nitarudi na Yeremia 24, ile ya vikapu viwili vya tini.